Nyumba za Wakubwa na Magazeti ya Nairobi

Usiku wa Mei 2, 2005, saa sita ikikaribia, Mke wa Rais wa Kenya, Lucy Kibaki, aliingia Nation Centre, makao ya gazeti la Daily Nation, katikati ya Nairobi akiandamana na walinzi wake na mkuu wa polisi wa jiji. Hakuna aliyekuwa amemwalika. Alipanda hadi chumba cha habari, ambako wahariri wa zamu walikuwa wakimalizia kurasa za gazeti la kesho yake, akataka aonyeshwe mwandishi aliyeandika habari zake ili atiwe mbaroni. Daftari, kalamu na vinasa sauti vikatoka mikononi mwa wenyewe. Mpigapicha wa runinga ya KTN, aliyekuwa akirekodi yote hayo, alizabwa kofi. Mama Lucy hakuondoka mpaka alfajiri.

Kisa chenyewe kilikuwa kelele za muziki. Ijumaa iliyotangulia, Makhtar Diop, mkurugenzi wa Benki ya Dunia nchini Kenya aliyekuwa akimaliza muda wake, alifanya karamu ya kuagana na marafiki katika nyumba aliyopanga mtaani Muthaiga. Nyumba hiyo ilikuwa ya familia ya Kibaki na ilipakana na makao yao ya binafsi. Usiku ukakua, ngoma ikazidi, mwenye nyumba, Mama Lucy, akatokea amevaa trakisuti akiamuru vyombo vizimwe. Ugomvi wa jirani na jirani, au tuseme wa mpangaji na mwenye nyumba, ambao hutokea mitaa ya Umoja na Kayole kila mwisho wa mwezi bila mtu kuuandika. Huu uliandikwa, na ukawekwa ukurasa wa mbele.

Kulipokucha ilikuwa Mei 3, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani. Wanahabari waliingia barabarani. Mpigapicha aliyepigwa alijaribu kumshtaki Mama Lucy yeye mwenyewe kama raia. Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, akaichukua kesi na kuizima.

Wengi waliikumbuka hasira ya usiku ule. Jambo geni zaidi lilikuwa kwamba habari yenyewe ilichapishwa. Miaka 20 kabla yake hakuna mhariri wa Nairobi ambaye angeruhusu sentensi moja kuhusu mke wa Rais aliyetoka nyumbani kwake usiku kwenda kuzima muziki. Swali ni mlango huo ulifunguliwaje, na nani aliufungua. Jibu la haraka huwa ni kuwalaumu waandishi wa udaku na wasomaji wanaowalisha. Historia ya Kenya haiungi mkono jibu hilo moja kwa moja. Hapa magazeti yaliingia katika nyumba za wakubwa yakipitia mahakamani na makaburini, na mara nyingi aliyeyafungulia alikuwa mwenye nyumba.

Muthaiga hiyohiyo ilikwisha kutoa kashfa yake ya kwanza enzi za mkoloni. Alfajiri ya Januari 24, 1941, Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa walikuta gari aina ya Buick limetoka barabarani karibu na njiapanda ya Karen na Ngong, taa zake zikiwaka. Ndani yake mlikuwa na maiti ya Josslyn Hay, Earl wa Erroll, mtu wa miaka 39, amepigwa risasi ya kichwa. Jioni iliyotangulia alikuwa Muthaiga Club mezani pamoja na mpenzi wake Diana na mume wa Diana, Sir Jock Delves Broughton, ambaye alikuwa na habari zote za uhusiano huo.

Walowezi wa tabaka hilo waliishi wakijuana kwa yote: nani analala kwa nani, nani anadaiwa, nani hajalewa leo. Hayo yalibaki klabuni. Magazeti ya walowezi yalichapisha nani ameshinda mbio za farasi na nani ametua Mombasa kwa meli, basi. Kesi ya Broughton, aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, ilipoanza Mei 26, mambo yaleyale yaliyonong'onwa juu ya glasi za jini yakasemwa kwa sauti, chini ya kiapo, mbele ya waandishi wenye penseli. Dunia ilikuwa vitani, lakini magazeti ya Uingereza yalipata nafasi ya kueleza jinsi mabwana wa Bonde la Furaha, kama kundi hilo la walowezi lilivyoitwa, walivyokuwa wakiishi huku vijana wenzao wakizikwa jangwani. Julai 1 Broughton aliachiwa huru. Mwishoni mwa 1942 alifia Liverpool kwa dawa ya kulevya aliyojidunga mwenyewe. Muuaji hajapatikana hadi leo, ingawa kila kizazi cha waandishi wa Nairobi kina mtu wake anayemshuku.

Kesi hiyo iliacha funzo la kazi ambalo wahariri hawakulisahau. Ukiandika kwamba bwana fulani ana hawara, atakupeleka mahakamani. Ukiandika kwamba shahidi ameiambia mahakama hivyo, na ukamnukuu sawasawa, sheria iko upande wako. Milango ya klabu ilikuwa imefungwa. Ya mahakama haikuwa.

Uhuru ulipofika, furaha za wakubwa ziliruhusiwa gazetini, na shida zao hazikuruhusiwa. Harusi ya Tom Mboya na Pamela Odede, Januari 1962, ilipigwa picha kila upande. Daily Nation, lililokuwa na umri wa takriban mwaka mmoja, na East African Standard, kongwe lililoanzishwa Mombasa mwaka 1902, yaliwapa wasomaji gauni, keki na wageni. Baada ya hapo pazia lilishuka. Mwaka 1974 Daniel arap Moi, wakati huo Makamu wa Rais, aliachana na mkewe Lena. Miaka minne baadaye akawa Rais, akakaa Ikulu miaka 24 bila Mke wa Rais, na Lena akaishi shambani Baringo hadi alipofariki mwaka 2004. Nchi nzima iliona kiti kitupu kando ya Mtukufu katika kila sherehe ya Madaraka na Jamhuri. Katika miaka yote hiyo gazeti halikuuliza yuko wapi.

Je, huo ulikuwa ustaarabu? Wapo wanaoukumbuka hivyo, kwamba zamani watu walijua kuheshimu nyumba ya mtu. Heshima hiyo haikufika mbali. Kurasa za mahakama za miaka ileile ziliwataja kwa majina wake wa maskini waliofumaniwa, wanaume waliopigwa na wake zao, wasichana waliotupa watoto. Aliyelindwa alikuwa mwenye cheo, na ulinzi wake ulikuwa na meno. Oktoba 1976, Jomo Kenyatta akiwa mzee na afya ikimwendea kombo, wanasiasa fulani walianza kusema hadharani juu ya nani angemrithi. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, akatoa onyo kwamba kuwazia au kupanga kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Kwa hiyo hata kifua cha Rais, usingizi wake, hatua zake za kupanda ngazi, vilikuwa siri ya dola. Kenyatta alifariki Mombasa Agosti 22, 1978. Wananchi walikuwa wameambiwa kidogo mno kuhusu ugonjwa wake.

Halafu akafa wakili mmoja.

Silvano Melea Otieno, ambaye Nairobi nzima ilimwita S.M., alifariki Desemba 20, 1986. Hakuwa waziri wala mbunge. Alikuwa wakili mashuhuri wa kesi za jinai, Mjaluo wa ukoo wa Umira Kager, aliyemwoa Wambui Waiyaki, Mkikuyu wa ukoo wenye jina kubwa na mpiganaji wa zamani wa Mau Mau. Wambui alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozikwa baba yake. Hawakuelewana, na maiti ikabaki mochari kwa siku 154.

Kesi hiyo iliuza magazeti kama njugu. Kila asubuhi wasomaji walipewa ushuhuda wa jana yake karibu neno kwa neno: wakili John Khaminwa upande wa mjane, Richard Kwach upande wa ukoo, Jaji Bosire juu ya kiti. Wakenya wakajua mambo ya nyumba ya S.M. kuliko walivyojua ya majirani zao. Walijua kwamba alipenda Shakespeare na visa vya Perry Mason. Walijua lugha waliyozungumza watoto mezani, safari ngapi alikwenda kwao na alilala wapi alipofika. Mchimba makaburi alipanda kizimbani kusimulia kile ambacho marehemu alimwambia kuhusu kaburi lake. Profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka, aliitwa kueleza mila za Waluo. Swali la kisheria lilikuwa moja tu, nani ana haki ya kuzika, lakini ili kulijibu ilibidi ndoa nzima ianikwe uani kama nguo.

Februari 13, 1987, Jaji Bosire aliupa ukoo ushindi, na Mahakama ya Rufaa ikaukubali Mei 15. S.M. akazikwa Nyalgunga Mei 23. Mjane hakwenda.

Inafaa kukumbuka mwaka wenyewe. Mwaka 1987 ulikuwa wa msako wa kundi la siri la Mwakenya, wa vijana na wahadhiri kuhukumiwa vifungo kwa vijikaratasi, wa taarifa ya habari kuanza kila siku na Mtukufu Rais amefungua nini. Mwandishi hakuweza kuuliza Bunge limefanya nini. Kuuliza S.M. alipenda kula ugali au mkate aliweza, kwa sababu lilisemwa kortini. Hamu ya siasa iliyozibwa ilipata pa kutokea: katika kesi ya maziko, Wakenya walibishana juu ya kabila, sheria ya Kiingereza, mali ya mjane na nani ana mamlaka juu ya nani. Wanahistoria David William Cohen na E.S. Atieno Odhiambo waliitungia kitabu kizima, Burying SM, kilichotoka 1992. Kwa wahariri somo lilikuwa jepesi zaidi. Nyumba ya mtu mashuhuri inauza kuliko hotuba yake.

Miaka ya 1990 ilileta vyama vingi, pamoja na runinga na redio za binafsi. Capital FM ilianza 1996. Asubuhi, wenye magari na abiria wa matatu wakawa wanasikiliza watangazaji wakicheka juu ya ndoa na michepuko, na ikawa vigumu kwa gazeti kuendelea kuzungumza kama karani wa wilaya. Mwishoni mwa muongo huo kundi la vichekesho la Redykyulass lilimwigiza Moi kwenye runinga, sauti, rungu na yote. Mbingu haikuanguka.

Wakati huohuo wachuuzi wa Tom Mboya Street na Moi Avenue walikuwa na bidhaa nyingine, iliyofichwa chini ya nakala za gazeti la Taifa Leo: vijigazeti vyenye wino unaochafua vidole, kama The Independent na Weekly Citizen, vikiwa na vichwa vya habari kuhusu mawaziri na wasichana wao. Baadhi ya yaliyomo yalikuwa uongo mtupu. Baadhi yalikuwa kweli ambayo magazeti makubwa yaliijua na kuinyamazia. Mwaka 2002 Bunge liliongeza dhamana ya kuchapisha gazeti kutoka shilingi 10,000 hadi milioni moja, na kumfanya mkosaji hata mchuuzi anayeuza gazeti lisilo na dhamana. Ilikuwa hila ya kuwaua wadogo bila kuwagusa wakubwa. Wakubwa nao walikuwa na hofu yao: mwaka huohuo mahakama ililiamuru gazeti la The People kumlipa waziri Nicholas Biwott shilingi milioni 20 kwa kumchafulia jina. Habari ile ilihusu bwawa la Turkwel, si kitanda, lakini mhariri anapofanya hesabu hatofautishi.

Mwai Kibaki aliapishwa Desemba 30, 2002, akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya gari. Wiki chache baadaye alilazwa Nairobi Hospital kwa damu iliyoganda, na daktari wake akazungumza na waandishi. Yaliyokuwa uhaini mwaka 1976 yakawa taarifa ya saa moja. Serikali ile mpya iliingia kwa ahadi za uwazi, na magazeti yalikusudia kuipima kwa ahadi zake, pengine mbali kuliko ilivyotaka.

Januari 2004 polisi waliwavamia wachuuzi, wakanyakua vijigazeti na kuwakamata waliokuwa wakiviuza. Sababu iliyotolewa ilikuwa kutosajiliwa. Mwezi huohuo Ikulu ilitoa taarifa isiyo na mfano katika historia ya nchi: familia ya Rais ni Lucy na watoto wao wanne, wakatajwa majina. Magazeti yalikuwa yameandika juu ya Mary Wambui, mwanasiasa wa Nyeri, yakimtaja kuwa mke wa pili. Taarifa ilikusudiwa kufunga mjadala. Ikaufungua, maana sasa hata gazeti la heshima lingeweza kuandika habari hiyo kwa kuinukuu Ikulu.

Machi 2009 likatokea kubwa kuliko hilo. Nchi ilikuwa na njaa iliyokwisha kutangazwa janga la kitaifa, na kashfa ya mahindi ilikuwa ikinuka. Rais aliwaita wanahabari Ikulu, Mama Lucy kando yake, na wengi walitarajia neno juu ya mahindi. Kibaki alisema ana mke mmoja tu, naye ni huyu, na atakayesema vinginevyo atakutana naye mahakamani. Mama Lucy akaongeza yake, kwa ukali zaidi. Hapakuwa na mwandishi aliyeruka ukuta usiku. Rais wa nchi alitumia jukwaa, kamera na saa za serikali kuzungumzia ndoa yake, na kesho yake malalamiko ya kwamba vyombo vya habari vinaingilia faragha yake yalikuwa magumu kuyaamini.

Hata hivyo swali la Mary Wambui halikuwa udaku mtupu. Kama mtu anapewa walinzi na heshima za dola, mlipa kodi ana haki ya kuuliza kwa cheo gani. Kuhusu rangi ya nguo zake, hana. Magazeti ya miaka ile yalichapisha yote mawili katika ukurasa mmoja, na ni vigumu kuyatetea kwa hilo la pili. Mary Wambui mwenyewe aliingia Bungeni 2013, akichukua kiti cha Othaya alichokikalia Kibaki kwa miongo kadhaa.

Wambui mwingine, mjane wa S.M., alikuwa amerudi kwenye kurasa za mbele kabla ya hapo. Julai 2003, akiwa na miaka 67, alifunga ndoa na kijana mwashi ambaye umri wake haukufika nusu ya wake. Vicheko vilikuwa vingi na tahariri zilikuwa na mahubiri. Mawaziri wa miaka 60 waliooa wasichana wa 25 hawakupata hata robo ya nafasi hiyo. Wambui hakujificha, alikaa mbele ya kamera akajibu. Alishajua tangu 1987 jinsi kalamu inavyokata, na alikuwa ameamua kuishika upande wa mpini.

Mwaka 2010 Katiba mpya iliandika haki ya faragha katika kifungu cha 31 na uhuru wa vyombo vya habari katika cha 34, vikiwa jirani kama nyumba mbili za Muthaiga. Tovuti za udaku zikachipuka, Ghafla ikiwa miongoni mwa zilizosomwa sana. Mwaka 2013 kampuni ya Standard, iliyoanza zama za reli, ilianzisha The Nairobian, gazeti la kila wiki la habari za vyumbani, likiwa na usajili, matangazo na anwani. Lililouzwa chini ya Taifa Leo sasa liliuzwa juu yake. Kisha simu zikawapokonya wahariri hata hilo: mwanasiasa au mwanamuziki akiachana na mwenzake, anatangaza mwenyewe mtandaoni, na gazeti linafika siku ya pili kunakili.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Novemba 2019 iliweka adhabu kwa wanaotumia taarifa za watu ovyo, lakini ikaacha nafasi kwa uandishi wa habari wenye manufaa kwa umma. Mipaka ya manufaa hayo bado inachorwa kesi kwa kesi.

Miezi michache kabla ya sheria hiyo, mbunge wa Kibra, Ken Okoth, aliwaonyesha Wakenya sura mbili za jambo hili. Mapema mwaka huo alijitokeza akasema ana saratani ya utumbo mpana na kwamba haina tiba, kwa utulivu ambao viongozi wachache wa nchi hii wamewahi kuuonyesha. Julai 26 alifariki. Familia ilipanga kumchoma mwili. Mwakilishi wa wadi akaenda mahakamani kuzuia, akidai kwamba ana mtoto wa marehemu aliyeachwa nje ya mipango. Kesi ya S.M. ilichukua miezi mitano. Hii ilimalizwa kwa siku chache, kwa makubaliano na uchunguzi wa DNA, lakini katika siku hizo picha za mtoto mdogo asiyejua lolote zilikwisha kuzunguka katika simu za mamilioni ya watu. Watoto wa Otieno mwaka 1987 angalau wengi walikuwa na umri wa kujua kinachoendelea.

Kibaki alifariki Aprili 21, 2022. Alizikwa Othaya kwa heshima zote, na magazeti yalijaza kurasa kumsifu kwa kulinda faragha yake. Haukupita mwaka, watu wawili walifika Mahakama Kuu katika shauri la mirathi, kila mmoja akidai ni mtoto wake aliyeachwa nje ya wosia na kutaka DNA iamue. Mmoja alitajwa katika hati kwa herufi tatu tu, JNL. Waandishi wa mahakama walikuwa wameketi mahali pao pa siku zote.